Anayewaonea wenzake naye ana kwao

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana mwanangu wa darasa la tatu, hapa Mbagala, alianza kurudi nyumbani na njaa isiyo ya kawaida. Mia tano yake ya mihogo ilikuwa inaishia mfukoni mwa kijana wa darasa la sita, aliyemvizia getini mchana, awamu ya asubuhi ikitoka na ya mchana ikiingia. Purukushani ile mwalimu gani ataona? Mwenyewe hakusema, alikuja kusema mdogo wake.

Nikalalamika shuleni. Kijana akachapwa mstarini. Wiki iliyofuata alimkamata mwanangu nyuma ya vibanda na kumchania shati.

Ndipo nikamchukua mjumbe wetu, tukaenda kwao. Nilikwenda nimefura, nakiri. Tukamkuta bibi yake anakaanga maandazi. Mjukuu ndiye anayezungusha ndoo mpaka saa nne usiku, na hesabu ikipungua, mjomba humshushia mkanda. Hela ya mwanangu ilikuwa inaziba pengo la hesabu. Hasira yangu sikujua niiweke wapi.

Mjomba akaitwa. Mjumbe akamwambia, bila kumung'unya maneno, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, hata kama ni wa dada yako. Biashara ya usiku ikakoma. Kijana hajawa malaika, mdomo wake bado mchafu, ila mihogo sasa inaliwa na mwenyewe.

Wapo watakaosema huo ni utoto tu, hata sisi tulionewa na tukakua. Tulikua, ndiyo. Mimi hadi leo nikimwona yule aliyekuwa akinitania mbele ya darasa, navuka barabara.

Kinachonishangaza ni vikao vya wazazi: michango, madawati, matokeo, kwaheri. Mitaa inatakiwa kuwa na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, na maofisa ustawi wa jamii wapo. Mbona tunawasikia mtoto akishaumizwa? Waje kwenye kikao cha Januari, shule zinapofunguliwa, wakae na walimu, wajumbe na walezi, tutajane majina ya watoto wanaolala njaa na wanaopigwa majumbani. Na namba 116, ya simu ya bure kwa mtoto, iandikwe kwa rangi ukutani, pale pale getini.

Mama wa wawili,
Mbagala, Dar es Salaam