Wanaousifu mpunga wa Asia watusimulie na habari ya wereng, mdudu wa mpunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita kuhusu mpunga wa Asia. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi Indonesia, Vietnam na Ufilipino walivyopandisha mavuno kwa mbegu bora, maji ya mifereji na mbolea. Mwishoni akatuhimiza wakulima wa Tanzania tupulize dawa kwa ratiba, kila baada ya wiki mbili, "kama wanavyofanya wenzetu". Hapo kwenye ratiba nimeshindwa kunyamaza. Nimekuwa bibi shamba kwa miaka 31, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa kwenye majaruba ya huku Moshi chini, na mwaka 1997 nilipata bahati ya kwenda Los Baños, Ufilipino, kwa mafunzo ya mpunga. Watu niliowakuta kule walikuwa wanaikimbia ratiba hiyo hiyo.

Nianze na kosa langu. Kabla ya safari ile nilikuwa napita jaruba kwa jaruba nikiwaambia wakulima wapulize wiki ya pili baada ya kupandikiza, warudie baada ya siku 14, kisha warudie tena mpunga unapobeba mimba. Sikuuliza kama mdudu yupo. Mwongozo ulisema hivyo, nami nikasema hivyo. Mzee mmoja wa Oria, Mungu amrehemu, aliniangalia akaniuliza, "Mwanangu, sasa tunampiga nani?" Nikamjibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Jibu hilo linaniuma mpaka leo, maana yeye alikuwa ameliona shamba lake na mimi sikuwa nimeliona.

Siku ya kwanza Los Baños mkufunzi alitutoa darasani kabla jua halijapanda, akatuambia tukunje nguo tuingie kwenye tope. Kila mmoja alipewa mashina 10 ya kukagua. Si majani, tulitakiwa tuinamishe pua hadi usawa wa maji, tuyatenganishe machipukizi kwa vidole na kuhesabu kila chenye miguu. Nilizoea kuuona mpunga kwa juu tu, kama mtu anavyoiona nyumba kwa bati lake. Kule chini kuna mji mzima. Nilimwona buibui wa kijivu mwenye mstari mgongoni akikimbia juu ya maji bila kuzama, jike lake likiwa limebeba kifuko cha mayai kwa nyuma. Nilikuta na vidudu vya kahawia vidogo kuliko punje ya mchele, vimepanga foleni kwenye shina vikifyonza utomvu. Waindonesia huwaita wereng.

Tulichukua mche mmoja, tukaupanda kwenye kikombe cha plastiki kinachoangaza, tukaweka wereng 10 na buibui mmoja, tukafunga kitambaa juu. Kesho yake asubuhi wereng walikuwa wamebaki watatu, na chini ya kikombe kulikuwa na maganda makavu. Nilikaa na kikombe kile mkononi muda mrefu. Nilikuwa nafikiria ni buibui wangapi niliowaua Oria, Chekereni na Mabogini kwa mdomo wangu.

Sasa habari ya Indonesia, ambayo makala haikuigusa. Katika miaka ya 1970 nchi hiyo ilikuwa ikiagiza mchele kutoka nje kuliko karibu nchi yoyote duniani. Serikali ikaleta mbegu mpya na mbolea, na dawa za wadudu ikazipa ruzuku iliyofikia zaidi ya asilimia 80 ya bei. Kwa mkulima dawa ilikuwa kama ya bure, basi akapuliza. Mwaka 1984 nchi ikajitosheleza kwa mchele, na mwaka uliofuata Rais Suharto akaenda Roma kupongezwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Lakini wereng hawakuwa wamekwisha. Ilikuwa ikitolewa mbegu inayowastahimili, baada ya misimu michache wanaizoea. Mwaka 1985 na 1986 walirudi kwa nguvu kisiwani Java, majaruba yakakauka kwa duara, rangi ya hudhurungi kana kwamba mtu kapitisha moto.

Wakulima walipuliza zaidi, na wereng wakaongezeka zaidi. Sababu yake ndiyo niliyotaka mwandishi aieleze, maana haihitaji shahada kuielewa. Wereng hutaga mayai ndani ya nyama ya shina, mahali dawa ya kupuliza haifiki. Unapopuliza unawaua wakubwa, lakini pamoja nao unaua buibui, kunguni wadogo wanaokula mayai ya wereng, na nyigu wadogo kuliko sisimizi wanaotaga ndani ya mayai hayo. Baada ya wiki moja hivi mayai yaliyojificha yanaanguliwa, na shamba halina askari hata mmoja. Mtafiti Peter Kenmore alilionyesha jambo hilo Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1970: palipopulizwa sana wereng walifurika, na palipoachwa walibaki wachache.

Novemba 1986 Suharto alitoa agizo la rais namba 3, likapiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga. Kufikia 1989 ruzuku ya dawa ilikuwa imefutwa yote. Mavuno hayakuanguka, uzalishaji wa mchele uliendelea kupanda huku dawa zikipungua. Na hawakuishia kwenye kukataza. Mwaka huo huo wa 1989 walianza kuwakusanya wakulima 25 au 30 kwa pamoja, mara moja kila wiki, msimu mzima, kandokando ya jaruba lao wenyewe. Wanaingia, wanahesabu, wanatoka na kuchora kwenye karatasi kubwa: mpunga katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, marafiki wa mkulima upande wa pili, maji chini, jua juu. Kisha wanajadiliana: leo tupulize au tusipulize? Miaka kumi baadaye wakulima wapatao milioni moja wa Indonesia walikuwa wamepita humo. Hiki tunachokiita shamba darasa, ambacho kila mradi unatuletea na kofia na fulana zake, kilizaliwa kwenye tope la Java. Tumechukua jina na mabango, kuhesabu tumekuacha.

Kwenye kozi yetu walitufanyia zoezi jingine ambalo nimelirudia hapa Chekereni mara nyingi. Mtu anavalishwa nguo nyeupe kuanzia shingoni hadi miguuni, anabebeshwa bomba la mgongoni lenye maji yaliyotiwa rangi nyekundu, anapuliza jaruba kama kawaida yake. Anapotoka kila mtu ananyamaza. Mapaja mekundu, maana anatembea ndani ya majani aliyoyapulizia. Mgongo mwekundu, maana bomba linavuja kwenye kifuniko na kwenye mpira. Viganja vyekundu tangu alipokuwa anachanganya, na ndevu zina matone. Kijana mmoja hapa kwetu alipojiona alivua shati palepale.

Vietnam nitaigusa kwa ufupi, ingawa ndiyo yenye jambo tunaloweza kulianza kesho bila fedha za mfadhili. Wakulima wa delta ya Mekong walikuwa wakipuliza mapema sana, mpunga ukiwa mchanga, kwa kuwaogopa viwavi wanaokunja majani. Watafiti K. L. Heong na Monina Escalada waliwaomba wajaribu wenyewe: waache sehemu ndogo ya shamba bila dawa ya wadudu kwa siku 40 za mwanzo, kisha walinganishe mavuno. Majani yaliyoliwa utotoni mpunga huyafidia kwa kuchipua mengine, kwa hiyo tofauti haikuonekana gunia kwa gunia. Mwaka 1994 ujumbe huo ulianza kuenezwa jimbo la Long An kwa mabango, vipeperushi na michezo mifupi ya redio, na upulizaji ukapungua kwa takriban nusu. Baadaye wengine wakaanza kupanda maua kwenye kingo za majaruba ili wale nyigu wadogo wapate nekta.

Siwezi kuandika haya bila kueleza kilichoniamsha. Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu alikuja kwangu jioni. "Mama, shikamoo. Naomba unisomee hii." Akanipa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, ndani mna kimiminika cheupe kama maziwa ya maji. Haikuwa na cha kusoma. Lebo ilikuwa ya maji. Alipimiwa kwenye duka moja la pembejeo, akaambiwa aweke vifuniko viwili kwa bomba, arudie kila wiki. Mpunga wake ulikuwa na siku 18 tangu kupandikizwa. Nilimuuliza chupa ilikaa wapi tangu asubuhi, akasema dirishani, jikoni. Ana mtoto wa miaka minne.

Mwaka 2013, katika kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Uchunguzi ulikuta monocrotophos, sumu ya wadudu, kwenye mafuta yaliyopikiwa, na ilielezwa kwamba chombo cha mafuta huenda kilikuwa kimewahi kuwekewa sumu hiyo. Wali na mboga, watoto wa shule ya msingi. Mhariri, kila ninapoiona chupa ya maji ikiwa na kitu kingine ndani yake, nawaona wale watoto.

Najua nitajibiwa: bibi huyu anataka dawa zote zifutwe. Hapana. Sri Lanka ilifanya hivyo mwaka 2021, ikapiga marufuku mbolea na dawa zote za viwandani karibu kwa usiku mmoja, bila kumwandaa mkulima. Mavuno ya mpunga yalianguka, chai ikayumba, na kabla mwaka haujaisha serikali ikarudi nyuma. Lakini nchi hiyo hiyo ilikuwa imewahi kufanya jambo la busara kubwa. Kufikia 1995 iliziondoa sokoni zile dawa zilizo kali kuliko zote, aina moja moja, na mwaka 1998 ikaiondoa endosulfan. Vijijini kwao watu wengi walikuwa wakijiua kwa sumu za shambani, kwa sababu katika saa ya uchungu chupa ilikuwa karibu. Baada ya hatua hizo, idadi ya wanaojiua nchini ilishuka hadi takriban nusu ndani ya miaka kumi, na mavuno hayakudhurika. Watu waliovuka ile saa ya uchungu waliishi.

Najua pia kwamba wereng si adui mkuu wa majaruba yetu. Sisi tuna funza wa shina, na tuna kimyanga, ambayo ni virusi, na hakuna dawa ya kupuliza inayotibu virusi. Lakini buibui tunaye. Kereng'ende tunao. Mtu akiua askari wa jaruba lake kwa sababu makala imemwambia apulize kwa ratiba, hajui ni adui gani atakayejitokeza baadaye.

Ninamwomba mwandishi wa makala ile, ambaye naona ana kalamu nzuri, arudi tena kwenye habari hii na safari hii atuandikie mwaka 1986. Ofisi yako, Mhariri, iwaulize wenye mamlaka kwa nini dawa bado zinapimwa rejareja kwenye chupa za maji. Na redio za mikoani, zenye muda wa kutosha wa kucheza matangazo ya dawa, zitenge dakika kumi kwa wiki za mchezo wa kuigiza kuhusu siku 40.

Yule kijana hakupuliza. Chupa ile nimeiandika SUMU pande zote kwa wino mzito na kuifungia kwenye sanduku la chuma la stoo. Tumekubaliana akague mashina 10 kila Jumamosi asubuhi, nami nakaa kwenye ukingo na daftari, maana magoti yangu hayataki tope tena. Jumamosi iliyopita alihesabu buibui tisa, viwavi wawili na shina moja lililotobolewa na funza. Aliponitajia namba hizo alikuwa bado ameinama, vidole viko kwenye mpunga, akasema, "Mama, subiri, huku kuna mwingine ana mayai."

Bibi shamba mstaafu,
Chekereni, Moshi