Wanafunzi wa kompyuta wafundishwe kompaila mpaka mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Niko Sakina hapa Arusha, jioni huwa wanakuja vijana wa vyuo tunasoma programu pamoja, na kuna jambo linaniuma sana: wengi wamepita somo la kompaila, ile programu inayogeuza tulichoandika kuwa amri za prosesa, lakini wameishia kwenye sarufi, yaani kuichambua programu na kuchora mti wake, mtihani, basi. Kule nyuma ambako kompaila inaamua amri ipi iende lini na ifanywe na yuniti ipi ya prosesa hawajagusa kabisa, na utamu wenyewe ndo uko huko.

Angalia prosesa za VLIW, yaani za "amri ndefu sana". Josh Fisher wa Yale alikuja na wazo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba chipu isihangaike kupanga amri ikiwa kazini, kompaila ipange kila kitu mapema, amri kadhaa zifungwe pamoja zipite kwa mpigo mmoja wa saa ya prosesa. Sasa itapangaje kama haiijui chipu? Lazima ipewe modeli, jedwali linalosema kuna yuniti ngapi, kila moja inaweza kazi gani, na jibu linatoka baada ya mipigo mingapi.

Chipu za C62 za Texas Instruments zina yuniti 8. Kusoma namba toka memori ni mipigo 5, kuzidisha 2, kujumlisha 1. Tuseme una orodha mbili za namba, unazidisha jozi kwa jozi huku unajumlisha. Ukipanga hivihivi kila raundi, yaani jozi moja, inakula mipigo 8, lakini ukizipandanisha raundi, hii inajumlisha, inayofuata inazidisha, za nyuma yake bado zinasubiri namba zao toka memori, unamaliza raundi moja kila mpigo! Jozi 1,000 zilizotaka kama mipigo 8,000 zinaisha kwa elfu moja na kidogo, na chipu ni ileile. Kijana akilifikia hilo mwenyewe kwa penseli na karatasi hasahau tena kompaila.

Na modeli ikikosewa ni balaa, maana chipu hizo za C62 hazisubiri, ukiiweka amri ya kuzidisha mpigo mmoja mapema inachukua namba ya zamani iliyokuwa kwenye rejista, kile kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, na kazi inaendelea, hakuna eror wala nini, jibu tu ndo la uongo.

Wapo wanaosema haya mambo yalikufa na Itanium ya Intel, prosesa iliyofuata wazo kama hili. Sikubali. Itanium ilipata shida kwenye programu za kawaida ambazo huwezi kujua mapema memori itachelewa kiasi gani, ila kazi za sauti na picha zinatabirika, ndo maana simu za Snapdragon tunazonunua hapa mjini zina prosesa ya Hexagon ndani, na hiyo ni VLIW, hadi amri 4 kwenye pakiti moja. Modeli yake iko ndani ya LLVM, programu huria ya kutengenezea kompaila, bure, yeyote anaishusha na kuisoma.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu, ongezeni hata wiki mbili tatu. Wanafunzi wabuni chipu ndogo ya yuniti 3, waandike jedwali lake, halafu waandike skedyula, yaani programu ya kupanga amri, kwa lugha ya Python, inayotanguliza amri yenye mlolongo mrefu zaidi wa kazi zinazoisubiri. Haitatoa mpangilio bora kila mara, kuupata ule bora kabisa ni kazi nzito hata kwa kompyuta, ila walinganishe na ule waliopanga kwa mkono, wabishane. Laptopu ya zamani inatosha, na darasa lolote la Arusha au Moshi likinihitaji nitakuja bila malipo.

Msomaji wako,
Sakina, Arusha