Zimwi lililoniuliza nilichokificha msibani

Mhariri, salamu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, ule ukurasa wa hadithi wa Jumapili nausoma hata kabla ya michezo, na ndo unaonifanya niandike leo. Hadithi zenu ni nzuri lakini karibu zote ni za mapenzi au upelelezi, mazimwi mmewaachia watoto, na mtu mzima akionekana na kitabu chenye zimwi kwenye kava anaulizwa kama ameishiwa cha kusoma. Mi hicho ndo kitabu nilichokihitaji.

Mama aliugua kansa ya titi, nikamuuguza mwenyewe nyumbani mpaka mwisho, kumgeuza, kumwogesha, kumkorogea uji anaoishia kuonja vijiko viwili. Jina la dawa ya dripu aliyokua anapewa hospitali nililiandika kwenye daftari la gharama, paklitakseli, nalikumbuka mpaka leo. Usiku mmoja alilia maumivu tangu isha mpaka karibu na alfajiri, nikatoka uani nikamuomba Mungu amchukue. Sikuomba apone, niliomba iishe. Akafariki siku ya nne. Msibani kila anayenishika mkono ananiambia umemuuguza mama vizuri, thawabu zako unazo, jikaze we ndo mkubwa, na mi kila nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke. Hitima ikasomwa, tanga likaanuliwa, watu wakabeba masufuria yao wakaenda, lile ombi nikabaki nalo miaka miwili bila kumwambia mtu, hata mume wangu.

Afu mfanyakazi mwenzangu akaniazima A Monster Calls, cha Patrick Ness, kilitoka 2011, Kiingereza chake chepesi tu. Wazo lenyewe lilikua la mwandishi mwingine, Siobhan Dowd, aliyefariki kwa kansa ya titi 2007 kabla hajaiandika hiyo hadithi, Ness akaipokea, yaani hata kitabu chenyewe ni kitu kilichoachwa na marehemu. Ndani kuna mtoto wa miaka 13, Conor, mama yake mgonjwa, na saa sita na dakika saba usiku anajiwa na zimwi. Zimwi lenyewe ni mti, ule unaoota sana kwenye makaburi ya makanisa huko Uingereza, umenyanyuka unatembea. Na dawa ya mwisho anayopewa mama yake imetokana na mti wa aina hiyohiyo. Hapo nikafunga kitabu nikaenda kutafuta lile daftari, maana paklitakseli nayo ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa ukoo huohuo, wa Marekani. Nilikaa nalo mapajani muda mrefu sana.

Zimwi linamsimulia hadithi tatu, ya nne aitoe yeye na iwe ya kweli. Ya kwanza tu ilinivuruga, malkia ni mchawi kweli lakini hajaua mtu, na yule mwanamfalme anayependwa na nchi nzima ndo muuaji, na anatawala vizuri mpaka uzeeni! Mwandishi hakuadhibu mtu ili mi nilale vizuri. Ile ya nne sasa (mniwie radhi ambao hamjasoma), mtoto kila siku anaota kamshika mama yake mkono ukingoni mwa genge anaporomoka, na ukweli anaouficha ni kwamba angeweza kuendelea kumshika ila aliachia, kwa sababu alichoka akataka iishe. Zimwi halimkaripii. Linamwonyesha kwamba mtu anaweza kutaka mama yake apone kwa moyo wote na hapohapo akataka yale maumivu yaishe, vyote viwili ni vyake na vyote ni kweli.

Nililia jikoni mpaka wali ukaungua.

Nimejiuliza kwa nini ilibidi liwe zimwi. Nadhani angekua shangazi au shekhe anamfariji ningebishana naye kimoyomoyo kama nilivyobishana na watu wote msibani, maana najua ana wajibu wa kunituliza. Zimwi halina heshima ya ukoo ya kulinda, linakuja usiku saa ambazo msiba wenyewe unakuja, baada ya wageni kulala, na linachotaka ni useme. Afu yule mtoto si malaika, anavunja sebule nzima ya bibi yake, mkaidi, ana hasira, na kwa ajili hiyo nilimwamini.

Anayesema haya ni mambo ya wazungu akamsome tena Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Mtu anachapa manyani wawili kila usiku kwa amri ya jini, afu anawabembeleza analia nao, na wale ni ndugu zake waliomtupa baharini, wakageuzwa manyani. Shuleni tuliulizwa inafundisha nini, tukajibu wivu ni mbaya, tukapata maksi. Hakuna aliyetuuliza Adili anajisikiaje akishaweka mjeledi chini.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni moja, ukurasa wa Jumapili mpeni nafasi mwandishi wa hadithi kama hizo, ya watu wazima, yenye zimwi na msiba ndani yake, na akiwaletea msimwambie amalizie kwa furaha. Mume wangu nimeshamwambia lile ombi la uani. Alinyamaza kidogo, akasema na yeye aliomba hivyohivyo.

Msomaji wenu, Tanga