Chanjo ya BCG kwa walengwa: maswali yaulizwe kabla mtoto hajazaliwa

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa kuacha kuwachanja watoto wote BCG, chanjo ya kifua kikuu (TB), na kuwachanja walio hatarini tu, mazungumzo huishia kwenye gharama. Sisi tunaona jambo zito zaidi liko kwingine: nani anayauliza maswali ya kupima hatari, lini, na kwa maneno gani. Maswali yakiwa mabovu, walengwa hawatapatikana hata chanjo zikijaa friji.

Pale kifua kikuu kilipoenea hakuna haja ya kuchagua. Kila mtoto achanjwe mara anapozaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Mpango wa walengwa ni wa nchi ambazo ugonjwa umepungua sana. Sweden iliacha kuchanja watoto wote mwaka 1975, Finland mwaka 2006. Uingereza ilisitisha chanjo ya wanafunzi mwaka 2005, ikawageukia watoto wachanga wa maeneo yenye wagonjwa wapya 40 au zaidi kwa mwaka katika kila watu 100,000, pamoja na wale ambao mzazi, bibi au babu yao alizaliwa katika nchi yenye kiwango hicho.

Hapo kwa bibi na babu ndipo pa kuwa makini. Mama anaulizwa alikozaliwa, anajibu kuwa ni hapa hapa, karatasi inafungwa. Kumbe mama mkwe ndiye atakayekuja kumlea mtoto, naye anatoka kwenye nchi ya wagonjwa wengi. Baya zaidi ni mhudumu kukisia kwa jina au sura: wanaostahili wanaachwa, na wengine wanaona wamebaguliwa. Dawa yake ni kumuuliza kila mjamzito maswali yale yale, bila kumruka yeyote.

Swali la "Je, kwenu kuna TB?" halifai. Ugonjwa huu bado unaonewa aibu, na jibu huwa hapana. Afadhali kuuliza: nyumbani kuna mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili? Kuna aliyewahi kumeza dawa za kifua kwa miezi 6? Mtoto atapelekwa kukaa miezi 3 au zaidi katika nchi yenye ugonjwa mwingi? Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito, na miadi ya chanjo ipangwe hapo hapo.

Kwa nini mapema hivyo? Chanjo hii huja katika vichupa vya dozi nyingi, na kichupa kikishachanganywa hutumika ndani ya saa chache tu, kisha kinachobaki hutupwa. Kwa hiyo vituo huwakusanya watoto siku moja. Asiyekuwa kwenye orodha anaambiwa arudi, na wengi hawarudi. Nao watoto wadogo kabisa ndio walio katika hatari kubwa ya TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima, ambazo ndizo BCG huzikinga vizuri zaidi.

Maswali hayo hayo humwonyesha pia mtoto wa kusubirishwa, maana BCG ina bakteria hai. Tujue kama mama ana VVU, kama alitumia dawa za kushusha kinga akiwa mjamzito, na kama kuna ndugu aliyefariki akiwa mchanga kwa upungufu wa kinga. England ilisogeza chanjo hadi siku ya 28 mwaka 2021, ili majibu ya kipimo cha upungufu mkali wa kinga yawe yametoka. Mtoto ambaye mama yake ana TB ya kuambukiza asikimbiziwe chanjo: apimwe kwanza, apewe dawa ya kuzuia ugonjwa, achanjwe akishaimaliza, kwani dawa hiyo, isoniazidi, huwaua bakteria wa chanjo pia.

Kuhusu uchomaji, aliye chini ya mwaka mmoja hupewa mililita 0.05, aliyezidi hapo 0.1, ndani ya ngozi ya mkono wa kushoto, sehemu ya juu. Sindano ikikaa sawasawa, mchomaji huhisi dawa ikikaza kuingia, na kivimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa huinuka papo hapo. Dawa ikiteleza bila kivimbe, imepita chini ya ngozi, na hapo huongezeka uwezekano wa jipu na kuvimba tezi za kwapa.

Mzazi aelezwe kabla hajaondoka: kati ya wiki ya 2 na ya 6 kitatokea kipele, huenda kikawa kidonda kidogo, nacho huchukua miezi kadhaa kupona na kuacha kovu. Kisiminywe, kisipakwe dawa, kiachwe kipate hewa. Na mkono huo usichomwe chanjo nyingine kwa miezi 3.

Wauguzi wa chanjo ya watoto