Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mlima wa Mita 885

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapanda milima hapa Accra,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mlio safarini. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu, na majina ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo hayo siyagusi. Mimi nina jambo moja kubwa na nitaanza nalo. Jumamosi ya tarehe 9 Machi, katika Mlima Afadja kule mkoa wa Volta, tulikaribia kumpoteza mwenzetu. Yuko nasi leo, mzima, na ameniruhusu nisimulie.

Afadja, ambao wengi huuita Afadjato, ndio mlima mrefu kuliko yote Ghana, nao una mita 885. Sisi tuliokuja Accra kwa kazi, masomo au ndoa, wengi tumekulia chini ya milima mikubwa. Wapo humu waliokuwa wakifungua dirisha asubuhi wakaiona Kibo. Wengine wametoka chini ya Meru yenye mita 4,566, au Mlima Kenya wenye 5,199. Tukiambiwa mita 885 tunaona kilima cha kwenda kuchuma kuni. Mwenzetu aliyeanguka amefika kilele cha Uhuru mara mbili.

Lakini kule Kilimanjaro adui ni baridi na hewa nyepesi, nawe unapewa siku tano au sita za kuzoea, huku ukiambiwa polepole kila hatua. Huku adui ni joto. Machi ni kati ya miezi ya joto kali kabisa Ghana, mvua kubwa bado, na hewa ya kusini mwa nchi ina unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Ongeza njia yenyewe: kutoka kijiji cha Liati Wote inapanda wima, haizungukizunguki kumhurumia mtu, na ndiyo maana wenyeji wanampa kila mgeni fimbo ya mwanzi kabla hajatia mguu mlimani.

Sasa niseme tulivyokosea. Tulilala Hohoe usiku wa Ijumaa. Dereva wa trotro, yaani daladala ya huku, tulitaka aje saa kumi na moja alfajiri. Ujumbe tulimwandikia kwa Kiingereza, lakini saa tuliihesabu kwa Kiswahili. Tukaandika "saa 11". Tangu alfajiri tulisimama barabarani na mabegi, tunapiga simu haipatikani, kwa sababu alikolala hapana mtandao. Alifika saa tano asubuhi. Kwa hesabu yake hakuchelewa hata dakika moja.

Hapo ndipo safari ilipaswa kubadilishwa. Kutoka Liati Wote kuna njia nyingine ya kwenda maporomoko ya Tagbo, inapita katika mashamba ya kakao, kivuli mwanzo hadi mwisho, na kule mwisho kuna maji ya kuogelea. Tungekwenda huko tukarudi salama. Mimi ndiye niliyesema, "Ni mita 885 tu, tutapanda na kushuka kabla ya jioni." Kamati haikusema hivyo. Dereva hakusema hivyo. Mwongoza njia wa kijijini, kijana ambaye hajafika hata miaka ishirini na mitano, aliniambia jua limekuwa kali na watu wake hupanda asubuhi. Nilimjibu kwamba sisi ni watu wa milima.

Tulianza kupanda saa saba mchana.

Mwenzetu alitangulia, kama kawaida yake, anapiga hadithi. Tulipopita nusu ya mlima akawa katikati ya msafara, kisha wa mwisho. Kijana yule alisimama, akamtazama, akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ya chini: huyu amenyamaza. Mimi nilikuwa natembea naye hatua mbili tu na sikuwa nimeliona hilo. Fimbo ilikuwa imemwanguka naye anaendelea kutembea ameukunja mkono kana kwamba bado ameishika. Nilimuuliza jina la binti yake, akanitajia jina la mkewe. Nikamgusa shingoni. Alikuwa amelowa chepechepe, na chini ya ule unyevu ngozi inawaka kama sufuria.

Mwanachama wetu ambaye ni nesi alichukua amri pale pale, na nawaomba mlishike alilofanya, kwa sababu siku nyingine huenda asiwepo. Alimlaza kivulini, akamvua shati na viatu, akaagiza kila mtu atoe maji aliyobaki nayo. Tulipasua vifuko vya maji, vile vya nusu lita vinavyouzwa kila kona Ghana, tukammwagia kichwani, shingoni, makwapani na kwenye nyonga. Kijana akakata jani pana na kuanza kumpepea bila kupumzika. Mmoja wetu alitaka kumnywesha, nesi akakataza kabisa: mtu ambaye akili imeruka akinyweshwa maji yanaweza kuingia mapafuni. Kwanza apozwe. Tulimwagia na kupepea mpaka alipofumbua macho na kuuliza mbona amelowa. Ndipo akapewa maji ya chumvi na sukari, kifuniko kwa kifuniko.

Katika begi lake tulikuta kifuko kimoja cha maji. Nusu lita kwa mlima mzima, mchana wa Machi. Sikukagua begi la mtu yeyote asubuhi ile.

Vijana wawili wa Liati Wote walipanda na kumteremsha, wakipokezana mabega, na giza lilipoingia tulikuwa kijijini. Mama mmoja alikuwa ametandika mkeka barazani kwake. Usiku ule tulimfikisha hospitali, akalazwa, akaruhusiwa kesho yake. Wale vijana walipokea ada ile ile tuliyolipa kwenye ofisi ya kijiji kabla ya kupanda, wakakataa nyongeza. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe kununua machela na sanduku la huduma ya kwanza, vikae pale kijijini kwa ajili ya yeyote atakayepanda. Hilo ni deni, wala si sadaka.

Baada ya Machi niliomba kujiuzulu na kamati ikakataa, ikasema nibaki nirekebishe. Basi haya ndiyo marekebisho mtakayoyapigia kura leo. Safari ya mlimani ianze kutembea kabla ya saa moja asubuhi. Ikifika saa mbili hatujaanza, mlima umeahirishwa, tunakwenda njia ya kivulini au tunarudi nyumbani. Kila mtu abebe lita tatu za maji, na mabegi yafunguliwe mbele ya wote kabla ya kuondoka. Na neno la mwisho la kugeuza msafara liwe la mwongoza njia wa kijiji. Asiwe mwenyekiti, wala yule aliyepanda milima mingi zaidi. Najua hili la mwisho lina wapinzani humu, na nawaheshimu, lakini mimi ndiye niliyepuuza neno la kijana mwenye haki.

Tumekwisha kulijaribu. Mwezi wa Septemba tulikwenda Wli, penye maporomoko marefu kuliko yote Ghana. Njia ya chini ni ya kupendeza, unavuka mto Agumatsa mara kadhaa kwa vidaraja, halafu unasikia ngurumo kabla hujaona kitu, na ukutani mwa jabali wananing'inia popo wasiohesabika. Tulipanga kupanda hadi maporomoko ya juu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mwongozaji akasema udongo umelegea, turudi. Wapo walionung'unika, na ninawaelewa, maana kutoka Accra ni mbali na nauli si ndogo. Tulirudi.

Desemba tulikuwa Amedzofe, juu kwa Waavatime. Harmatani, upepo mkavu wa kutoka jangwani, ilikuwa imefika, vumbi la Sahara limetanda, na kutoka kilele cha Gemi hatukuona Ziwa Volta wala mabonde. Tuliuona msalaba mkubwa wa chuma walioacha wamisionari wa Kijerumani. Mwanachama mmoja mzaliwa wa Machame, chini ya Kilimanjaro, aliusogelea akaugusa, akakaa kimya kitambo. Kwao wamisionari wa Leipzig, Wajerumani pia, walifika mwaka 1893. Sehemu hii ya Ghana zamani ilikuwa ndani ya Togo, na Togo hiyo na Tanganyika yetu zilikuwa makoloni ya Mjerumani zote mbili, na baada ya Vita vya Kwanza sehemu hii ikawa chini ya Mwingereza kama sisi, hadi wenyewe walipopiga kura mwaka 1956 kujiunga na Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Jioni tulikula akple na mchuzi wa bamia. Akple ni ndugu wa ugali, na wenyeji wetu walifurahi kuona kwamba hatuhitaji kufundishwa kumega tonge.

Safari ya maporomoko ya Boti ya mwezi Juni iliahirishwa kwa mvua. Juu ya takataka: vifuko vitupu vya maji tunavibeba kurudi navyo, vyetu na tunavyovikuta njiani. Mwaka huu mmefanya vizuri, asanteni.

Safari ya kwanza ya mwaka mpya ni Shai Hills, karibu na Accra, kwenye mapango ya Washai waliofukuzwa vilimani mwao na Waingereza mwaka 1892. Nyani wa pale ni wezi, fungeni chakula vizuri. Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri. Dereva ameandikiwa "5:00 a.m.", kwa saa ya Kiingereza, nami nimempigia mwenyewe akanirudishia saa hiyo kwa mdomo wake.