Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Kuelekea Siku ya Mara

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Waheshimiwa Madiwani, Watendaji wa Kata na Vijiji,
Viongozi wa jumuiya ya watumia maji,
Wazee wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Wakubwa zetu shikamooni. Wenzetu, habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tangu mwaka 2012, tarehe 15 Septemba ni Siku ya Mara, siku ya kuhimiza uhifadhi wa Mto Mara, na Kenya na Tanzania hupokezana kuiandaa. Siku hiyo hotuba huwa nyingi na muda wa wanafunzi huwa mfupi. Ndiyo maana tumekuomba uje mapema, tukusomee yaliyomo kwenye daftari letu la vipimo vya maji, halafu tukuombe mambo machache.

Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 395. Unaanzia milima ya Mau nchini Kenya, ambako mito ya Amala na Nyangores huungana, unapita Maasai Mara na Serengeti, unaingia kwenye mafunjo ya ardhi oevu, unapita chini ya Daraja la Kirumi na kumwaga maji yake Ziwa Victoria karibu na Musoma. Sisi tuko huku mwishoni. Chochote kinachoingia mtoni huko juu, kama hakijazama au kuliwa njiani, kitatufikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi Machi 2022 wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi, lakini hakuna aliyesahau. Maji yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea matumbo juu. Serikali ilizuia matumizi ya maji yale na ikaunda kamati ya uchunguzi. Kamati ilieleza kuwa oksijeni majini ilishuka, ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza ndani ya ardhi oevu. Mitaani jibu hilo halikupokelewa vizuri. Wapo waliocheka, wapo walionyooshea kidole migodi, na wapo wazee waliouliza: kwani ng'ombe wameanza lini kujisaidia mtoni?

Hatukuja kufufua ubishi ule. Kinachotuuma ni kwamba hapa kijijini haukuwa na pa kuishia, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na karatasi inayoonyesha maji haya yalikuwaje Februari, mwezi mmoja tu kabla. Daktari akimpima mgonjwa joto anajua mwili wenye afya huwa na nyuzi ngapi. Mto wetu ulipimwa ukiwa tayari mahututi. Klabu hii ilianza kupima kwa sababu hiyo, na tunapima zaidi siku ambazo mto hauna tatizo lolote, jambo linalowashangaza wapita njia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunapima oksijeni iliyoyeyuka majini, chumvichumvi, pH (yaani ukali wa asidi au magadi), naitrojeni na fosforasi. Hatukujibunia. Ndivyo vipimo vya msingi ambavyo nchi hutakiwa kuvitumia kutoa taarifa ya ubora wa mito na maziwa chini ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, lengo namba 6. Viwili vya mwisho vinahitaji maelezo, maana mzazi mmoja alituuliza kwa nini tunaiita rutuba uchafu wakati yeye anainunua dukani.

Swali lake ni la haki. Mbolea ya DAP ya kupandia ina naitrojeni na fosforasi, UREA ya kukuzia ina naitrojeni tupu, na samadi ina vyote viwili. Shambani ni mali. Vikifika mtoni kwa wingi, vinaulisha mwani na magugu maji badala ya mahindi. Mimea hiyo ikifa, bakteria huivamia, na katika kazi hiyo ya kuozesha huimaliza oksijeni ambayo samaki walikuwa wanaitegemea. Sato na ningu hufa mapema. Anayebaki akivuta hewa juu ya maji ni kamongo, na kambare naye anajikongoja. Wazazi wetu wanakumbuka miaka ya 1990, magugu maji yalivyofunga mialo ya Ziwa Victoria mitumbwi ikashindwa kutoka, mpaka mbawakavu wakaletwa kuyatafuna.

Viini hivi viwili havisafiri kwa njia moja. Fosforasi hushikamana na udongo, kwa hiyo mmomonyoko ndio gari lake, na maji mekundu ya mvua hubeba nyingi. Naitrojeni ikiwa katika umbo la naitreti huyeyuka kabisa, hupenya ardhini na kutokea hata kwenye kisima chenye maji meupe. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya vichanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, naitreti inabaki palepale. Tunawaomba kina mama wasituelewe vibaya: endeleeni kuchemsha, maana vijidudu vya kuhara vinakufa kwa moto.

Tulipoanza tulidhani wa kulaumiwa ni wakulima na wafugaji pekee. Kusoma zaidi kumetupunguzia ukali. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walikadiria kuwa kila mwaka, kwa wastani, nyumbu 6,250 huzama Mto Mara wakati wa kuvuka, mizoga yenye uzito wa tani zipatazo 1,100. Nyama huisha ndani ya wiki chache kwa tai, mamba na samaki, lakini mifupa hukaa chini ya maji ikiachia fosforasi kidogokidogo kwa takriban miaka saba. Halafu kuna viboko. Upande wa Maasai Mara peke yake wako maelfu. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanazirudisha mtoni kwa njia nyingine. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa madimbwi yao hukosa oksijeni wakati mto umepungua, na mafuriko ya ghafla yakiyasukuma maji hayo kuelekea chini, samaki hufa.

Kwa hiyo samaki wanaweza kufa Mto Mara bila binadamu kuhusika. Haina maana kwamba binadamu hahusiki. Nyumbu na viboko walikuwepo kabla yetu, na mto uliweza kuvumilia mzigo wao; sisi tumeuongezea mashamba yanayolimwa hadi ukingoni, misitu iliyofyekwa huko Mau, vyoo vya mashimo na makundi makubwa ya mifugo ndani ya mafunjo. Kutenganisha fungu la nyumbu na fungu la ng'ombe hakuwezekani kwa kubishana kwenye kahawa. Kunataka vipimo vya mahali pengi na vya muda mrefu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni kuchota maji tu. Kwanza, hatuingii mtoni, mamba wapo. Chupa tunaifunga kwenye ufito mrefu, mwalimu akiwa kando. Mdomo wa chupa unaelekezwa maji yanakotoka, inasuuzwa mara tatu kwa maji hayohayo, kisha inazamishwa chini ya uso wa maji isije ikabeba povu na majani. Lebo inaandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino ukilowa unaondoka. Chupa zinawekwa kwenye barafu tunayopewa bure na mama mmoja mchuuzi wa samaki, ambaye yuko hapa leo na tunamshukuru sana. Shuleni tunatia dawa na kusubiri rangi: naitreti hutoa waridi, fosfeti (umbo la fosforasi majini) hutoa bluu, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo kiwango kilivyo kikubwa. Rangi husomwa kivulini na watu wawili, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake bila kumchungulia mwenzake. Wakitofautiana sana, tunarudia.

Oksijeni ina masharti yake. Tunaipima karibu na mapambazuko, na hapo tunawategemea wanaklabu wa kutwa wanaoishi jirani, wakisindikizwa na mzazi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni na mto huonekana mzima. Usiku mwani huohuo huivuta, na kiwango cha chini kabisa hupatikana alfajiri. Mtu anayefika na gari saa sita mchana, akapima na kuondoka, anaweza kuandika namba nzuri ilhali samaki wamehangaika usiku kucha. Hatumsemi mtu, Mheshimiwa.

Kipimo tunachokipenda zaidi hakina dawa hata kidogo. Tunapindua mawe ya kingoni na kuchekecha matope kwa wavu, tunaangalia wadudu. Wapo wasiovumilia uchafu, kama tunutu wadogo wenye mikia mitatu wanaojishikiza chini ya mawe. Wapo wanaostahimili, kama ruba na viluwiluwi vyekundu vya wadudu wa matopeni. Chupa ya maji inaeleza hali ya dakika ile uliyochota, lakini wadudu wameishi pale kwa wiki na miezi. Tanzania tunayo mizani yetu ya namna hii, inaitwa TARISS, iliyochapishwa mwaka 2015, na sisi tunatumia njia iliyorahisishwa inayofanana nayo.

Tumeona nini? Kiangazi rangi ya bluu huwa hafifu, mtu akipima msimu huo tu atasema mto hauna shida. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, katika saa chache za mwanzo rangi hukolea ghafla, kwa sababu samadi na vumbi la miezi yote vinateremka kwa pamoja. Mvua ikiendelea siku kadhaa, rangi hupungua tena. Hii ina maana kuwa siku muhimu zaidi kupima ndiyo siku ambayo barabara haipitiki. Pia tunapima juu na chini ya mnywesho mmoja wa ng'ombe. Juu yake tunutu wa mikia mitatu tunawapata karibu kila mara. Chini yake, mwendo wa dakika chache tu, tunapata zaidi ruba na viluwiluwi vyekundu.

Vifaa vyetu ni vya kawaida na hatupimi vimelea. Hatusemi maji haya yanafaa kunywewa au hayafai, hiyo ni kazi ya maabara. Tunachoweza kusema ni kama leo yamebadilika kuliko kawaida yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa changamoto zetu, na tutaanza na ile isiyo ya fedha. Daftari letu halina pa kwenda. Linajaa, linafungwa, linawekwa kabatini. Tunaomba utusaidie ili vipimo vyetu vipokelewe rasmi na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na awepo ofisa mmoja wa kumpigia simu siku tutakapoona rangi isiyo ya kawaida. Tunaomba pia mara kwa mara sampuli yetu moja ipelekwe maabara, ilinganishwe na majibu yetu, ili tujue tunakosea kwa kiasi gani. Tukipewa hilo tu, hata tusipopata kingine, tutakuwa tumefanikiwa.

Dawa za kupimia zinaisha na zina tarehe ya mwisho ya matumizi. Zikipitwa, rangi inadanganya. Kwa sasa tunachangishana, na nusu ya mahitaji hatuifikii.

Ombi la tatu ni gumu kidogo, tumelijadili sana kabla ya kuliandika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Tungeomba mipaka hiyo iwekewe alama kandokando ya mto. Lakini hapa ng'ombe ndiyo ada zetu za shule, ndiyo mahari ya dada zetu. Ukimwambia baba asishushe ng'ombe mtoni bila kumwonyesha pengine pa kunyweshea, atashusha usiku. Kwa hiyo tunaomba mabirika ya kunyweshea yajengwe kwanza mbali na ukingo, ndipo alama zifuate. Tukianza na alama tutapata ugomvi, na mto utabaki vilevile.

Mwisho, kwa kuwa Siku ya Mara ni ya nchi mbili, tunaomba utuunganishe na shule moja upande wa Kenya iliyo kando ya mto. Wakipima wao mvua inapoanza kule juu, wakatutumia ujumbe wa simu, sisi tutajua lini tukaweke chupa tayari.

Nakala ya daftari iko mbele yako, Mheshimiwa, pamoja na ramani ya vituo vyetu iliyochorwa kwa mkono. Sanduku la vifaa liko chini ya mwembe, na ratiba ikiruhusu wanaklabu wataomba upime nao chupa moja kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu, kwa niaba ya wanaklabu wote.