Barua kwa mwanangu: kabla hujaprinti hizo tisheti za klabu

Marahaba baba. Meseji yako nimeisoma mara mbili maana ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye daladala sikuelewa kitu. Kwahiyo klabu yenu ya baiskeli za milimani inataka helmeti nane na pampu na tyubu za akiba, mmekaa kikao mkaona muuze tisheti zenye jina la klabu, na unaniomba nikutafutie mtu Kariakoo aprinti 100 fasta mzigo upande basi la Moshi Ijumaa. Mtu nitamtafuta. Ila sio 100 na sio Ijumaa, tulia nikueleze.

Unaikumbuka ile tisheti ya njano uliyokuwa unalalia mpaka unaingia sekondari, ile inafika magotini? Hujawahi kuniuliza ilitoka wapi. Kuna kwaya walikuja kibandani kwangu wanataka tisheti 120 za uzinduzi wa albamu, wakasema mama we printi tu, watu wote wanataka na majina wameshaandikisha. Nikaweka hela yangu ya mtaji, saizi nikakadiria kwa macho, nyingi nikafanya XL kwasababu nilijua kanisani wamama ndo wengi. Siku yenyewe zikatoka arobaini na kitu, nusu yake kwa mkopo, na kila kijana aliyekuja anaulizia medium na medium zilikuwa 15. Zilizobaki mmelalia wewe na dada yako, nyingine tumepigia deki hii nyumba miaka minne.

Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme tisheti na kuprinti na nauli ya mzigo inakusimamia 11,000, unauza 20,000. Kichwani unaona faida 9,000 kila moja. Ukiprinti 50 umetoa 550,000, kwahiyo tisheti 28 za kwanza unarudisha tu hela ya fundi, helmeti zenu zote zimelala kwenye zile 22 za mwisho. Na za mwisho unazijua, ni zile saizi za mtoto na zile za bonge ambazo hakuna aliyeziomba, hapo ndo watu wanakwama wanasema biashara ya tisheti hailipi.

Ndo maana nakwambia uza kwanza, uprinti baadae. Weka mchoro status na kwenye magrupu, mtu ataje saizi na alipe nusu kwenye lipa namba, weka siku ya kufunga oda na ukifunga umefunga. Asiyelipa usimwandike hata kama ni rafiki yako kipenzi. Ahadi za harusi unazijua mwenyewe, mtu anasimama mbele ya kamati anaahidi laki watu wanampigia makofi, wiki ya harusi simu haipatikani. Na watu wamechoka michango baba, kadi zinaingia kila siku, ila huyo huyo anayekimbia kadi ya mchango ukimpa kitu cha kuvaa anatoa hela. Mwambie tu inaenda wapi, sio "kusapoti klabu", mwambie hii inanunua helmeti za watoto wanaojifunza kuendesha pale msitu wa Rau, anaelewa.

Kuhusu kitambaa, hapa wengi wanalizwa. Tisheti ya pamba uza kwa mashabiki, mwendeshaji ukimpa pamba akipanda Kibosho itamganda mgongoni na jasho atakulaani. Jezi ya kuendeshea iwe poliesta na mifuko kwa nyuma, hiyo inaprintiwa kwa sablimesheni, wino unaingia ndani ya uzi haubanduki, ila inashika kwenye poliesta tu na kitambaa kiwe cheupe au cha rangi mpauko, mtu akikwambia atakufanyia sablimesheni kwenye tisheti nyeusi ya pamba ondoka hapo. Tisheti za pamba zikiwa nyingi za mchoro mmoja tumia skrini, ile fremu ya wavu wanayopitishia wino, lakini kila rangi inataka skrini yake na kuitengeneza ni gharama ile ile uprinti 10 au 100, kwahiyo mchoro wa rangi moja unatosha. Zikiwa chache na rangi nyingi kuna DTF, mchoro unaprintiwa kwenye plastiki nyembamba halafu unabandikwa kwa joto, inakubali, ila usipige pasi juu ya mchoro.

Na tafadhali usiniletee nyekundu na nyeupe wala kijani na njano. Mimi ni Yanga unajua, jezi ya rangi ya Simba sivai hata kama kuna picha yako, na wateja nao ni hivyo hivyo, nusu ya nchi umeshaikosa kabla hujaanza. Nyeupe tupu nayo hapana, ule udongo wenu wa huko ukiingia hautoki.

Mchoro wenyewe, naona mmechora kilele cha Kibo na theluji na 5,895 chini yake. Kila tisheti ya mtalii Moshi ina hiyo. Mngechora Mawenzi, ule mlima uliochongoka kama umepigwa mchi, si bibi yako aliwasimulia Mawenzi alivyokuwa anaenda kuomba moto kwa Kibo kila saa mpaka akapigwa? Nyie mnaorudi na magoti yamechubuka huyo ndo wenu.

Halafu kuna kitu hamjakifikiria, madigadi. Vile vipande vya plastiki vya kufunga juu ya tairi tope lisikurukie usoni, vinakatwa kwenye shiti moja, vinaandikwa jina la klabu, havina saizi! Masika ikianza mwezi wa tatu kila mwenye baiskeli anakitaka. Na stika, mkate nyingi muuze buku buku kwa bodaboda, wale jamaa stika hawakatai, wataizungusha Moshi nzima bila kulipwa.

Kilimanjaro Marathon ikifika, mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji unajaa wageni wenye hela na wanaopenda michezo, panga oda zako zitoke kabla ya hapo ubaki na chache za kuuza mkononi. Jina la marathoni na nembo za wadhamini wao usiguse.

Na viongozi wa klabu walipe. Mwenyekiti akichukua ya bure katibu naye atataka, mwisho mpaka mpiga picha. Hela ishikwe na mmoja, daftari mwingine, na huyo mwingine asiwe mchumba wa wa kwanza, haya mambo nimeyaona kwenye kikoba sitaki kuyaongelea hapa.

Baba yako anasema atachukua moja ila ni mzazi apewe tu, nimemwambia namba ya kulipia anayo. Mimi nimeshakutumia 10,000, tisheti ya pamba, XL, nyingine namalizia nikiuona mzigo. Niandike wa kwanza kwenye daftari halafu unipigie picha huo ukurasa nione.

Mama